Umesikia Nini, Dakika ya Ngapi? Mwongozo wa kusikiliza rekodi za muziki na wenzako

Kila baada ya wiki kadhaa anajitokeza mtu mpya kwenye kikao chetu cha kusikiliza muziki hapa Dodoma, na karibu wote huja na maswali yale yale. "Mimi sikusoma muziki, nitasema nini?" "Lazima nijue noti?" "Nikisema sijaupenda, nitaonekana mshamba?" "Nianze na Beethoven au na nani?" Nimeyajibu kwa mdomo hadi nimechoka. Nayaandika hapa ili safari ijayo nikupe karatasi, na mimi nipate kunywa chai yangu ikiwa bado ya moto.

Majibu ya haraka: noti si lazima, ushamba haupo, na Beethoven anaweza kusubiri. Kuna jambo moja tu tunalokudai, nalo ndilo linalowashinda wengi. Kabla hujasema umeupenda au hujaupenda, tuambie umesikia nini, na ni dakika ya ngapi. Ukisema "muziki mtamu sana, unatuliza", umefunga mazungumzo, maana hakuna wa kukujibu. Ukisema "kama dakika ya pili hivi violini zote zinanyamaza, anabaki mtu mmoja", mwenzako atadakia: "Mmoja? Mbona mimi nilisikia wawili?" Hapo kikao kimeanza.

Kidogo kuhusu majina. Tunasikiliza muziki wa kiklasiki wa Ulaya pamoja na ule unaoitwa "muziki wa dunia". Jina hili la pili lilipitishwa na watu wa kampuni za santuri waliokutana kwenye baa moja London mwaka 1987, wakitafuta kibao cha kubandika kwenye rafu za maduka. Kwenye rafu hiyo ndipo wanapomweka Hukwe Zawose, mwanamuziki Mgogo wa mkoa wetu huu huu. Kwa hiyo kwetu mambo yamepinduka: "muziki wa dunia" ni wa bibi yako wa Chamwino, na mgeni ni Bach, mtunzi wa Ujerumani. Likumbuke hilo ukifika hatua ya nane.

VITU VYA KUWA NAVYO

Rekodi moja. Narudia, moja.

Spika yenye besi ya kueleweka, au hedifoni. Spika ya simu peke yake haifai, kwa sababu sauti za chini kabisa haizitoi, kisha unakuja kutuambia kwamba okestra nzima haina besi.

Bando. Rekodi ya kilobiti 128 kwa sekunde inakula karibu megabaiti 1 kwa kila dakika, na ile ya 320 inakula kama 2.4. Simfoni (kazi ndefu ya okestra) ya dakika 40, basi, ni MB 40 hadi karibu 100. Video inakula zaidi ya hapo na haikuongezei chochote masikioni. Pakua mapema nyumbani, usitegemee mtandao wa saa ile ile.

Daftari na kalamu. Usiandike kwenye simu, utajikuta unajibu meseji.

Watu watatu hadi sita. Wawili wanakubaliana haraka mno, na kumi ni mkutano wa hadhara.

Chumba kitulivu. Anayeijua Dodoma anajua upepo wetu: bati moja lililolegea linaweza kupiga ngoma yake mwanzo hadi mwisho wa simfoni. Funga madirisha, vumilia joto.

Vitafunwa visivyo na kelele. Zabibu ruksa. Bisi na karanga za maganda marufuku, na hili halina mjadala.

HATUA KWA HATUA

1. Chagua kipande kifupi, ukisikilize mwenyewe kwanza

Kisizidi dakika 10. Wanaoanza wana tabia ya kuleta mzigo mzima. Kijana mmoja alituletea opera yote, na ilipofika saa moja na nusu mwenye nyumba akaanza kupanga viti. Kama unatoka kwaya, anza na "Aleluya" ya Handel. Imo ndani ya kazi iliyopigwa mara ya kwanza Dublin mwaka 1742, na kwaya zetu zinaiimba kwa Kiswahili hadi leo. Sauti yako unaijua, iwe ya pili, tenori au besi. Tafuta rekodi yenye okestra, kisha ifuate sauti yako kama unavyomfuata mtoto wako kwenye gwaride la shule. Huhitaji maandalizi mengine yoyote.

Beethoven ukimtaka, sehemu ya kwanza ya Simfoni ya Tano inachukua kama dakika 7. Inatosha kabisa kwa jioni moja.

2. Andika ni rekodi ipi hasa

"Nilimsikiliza Bach" haitoshi. Bach alifariki mwaka 1750, kwa hiyo uliyemsikiliza ni mtu mwingine. Andika mtunzi, wapigaji, kiongozi wa okestra kama yupo (tukisema kondakta watu wanashika nauli), na mwaka wa kurekodiwa. Angalia sana hapo kwenye mwaka: rekodi nyingi za zamani hutolewa upya, na mwaka ulioandikwa kwenye jalada unaweza kuwa wa toleo jipya.

Kwa muziki wa asili andika nani anaimba, kwa lugha gani, ala zipi, na nani alikuja kurekodi. Hugh Tracey, mrekodi wa muziki wa Kiafrika, alizunguka Tanganyika mwaka 1950 na mitambo yake, na Wagogo ni miongoni mwa aliowarekodi. Kusikiliza sauti za mwaka huo halafu ukazijadili kana kwamba zimerekodiwa juzi ni kuwapotosha wenzako.

3. Sikiliza mara tatu

Mara ya kwanza usishike kalamu. Kaa tu. Mara ya pili shika kalamu na tazama namba za dakika zinavyokwenda. Mara ya tatu fuata ala moja tu mwanzo hadi mwisho na uache nyingine zote zipite. Hii ya tatu ndiyo watu huiruka, na ndiyo yenye faida kubwa. Jaribu na Boléro ya mtunzi Mfaransa Ravel, ya mwaka 1928: kuna ngoma ndogo inarudia mapigo yale yale kwa takriban robo saa nzima, huku wimbo ukipokezanwa kutoka ala hadi ala. Ifuate ngoma hiyo peke yake. Utamhurumia mpigaji.

Tahadhari: kipande hicho kinaanza kwa sauti ya chini sana. Usiongeze spika. Mimi niliongeza. Kilipofika mwisho, jirani alikuwa ameshasimama mlangoni, na hakuja kuuliza jina la mtunzi.

4. Andika dakika, na uandike kwa maneno yako

Huna haja ya msamiati wa chuo. Tumia maneno ya jikoni, ya shambani, ya stendi. Hapa nanakili kutoka daftari langu, nilipokuwa nasikiliza ile Aria (kipande kifupi kama wimbo) ya Bach inayofungua kazi yake iitwayo Tofauti za Goldberg, kwenye rekodi ya mpiga piano Glenn Gould ya mwaka 1981:

0:00 – Polepole mno. Kama mtu anayefungua mlango wa chumba alikolala mtoto.
0:00 hadi 0:20 hivi – mkono wa kushoto unashuka ngazi, vidato vinne, hauna haraka.
Katikati – kuna mtu anamung'unya. Nani?
2:30 hivi – mkono wa kulia ulikuwa ukisimamasimama, sasa hausimami tena. Maji yamefunguliwa. Mpaka mwisho.

Mistari minne, na inanitosha kuzungumza dakika tano mbele ya watu. Hapo sijasema popote kama naupenda.

Huyo anayemung'unya ni Gould mwenyewe. Alikuwa akiimbaimba anapopiga piano, na wahandisi hawakuweza kumnyamazisha. Mara ya kwanza tulipomsikia kikaoni, dada mmoja aliinuka kwenda kuangalia kama kuna nzi ndani ya spika.

5. Usilaumu spika haraka

Hatua hii niliiongeza baada ya huyo nzi. Kuna sauti zinazofanana na ubovu kumbe ni muziki wenyewe. Marimba ya Wagogo, ilimba, ina tundu kwenye sanduku lake ambalo hufunikwa utando wa buibui, ili kila ukipiga jino la chuma sauti itoke na mvumo kama wa nyuki juu yake. Tena kuna meno yasiyoguswa kabisa na vidole. Yamewekwa yaitikie tu wenzao wanapopigwa. Mtu aliyezoea piano akisikia anasema rekodi "inakwaruza". Haikwaruzi. Fundi alihangaika kutafuta buibui ili iwe hivyo.

Vivyo hivyo na sitar, ala ya nyuzi ya Kihindi. Raga, yaani muziki unaopigwa juu yake, huanza na sehemu iitwayo alap, isiyo na ngoma za tabla wala mapigo ya kuhesabu, na inaweza kwenda muda mrefu sana. Mgeni hukaa akisubiri wimbo uanze. Umeshaanza, ndugu yangu.

Ubovu wa kweli nao upo. Santuri za zamani zinachakacha, na upande mmoja wa sahani za mizunguko 78 ulibeba kama dakika 3 hivi. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar, alipokwenda Bombay kurekodi mwaka 1928, nyimbo zililazimika kuenea ndani ya kipimo hicho. Kwa hiyo ukisikia wimbo wa enzi hizo umekatika ghafla, usimlaumu mwimbaji.

6. Tenganisha wimbo, mpigaji na mrekodi

Kosa kubwa kuliko yote ni kuyachanganya haya matatu. Fikiria wimbo wa Pasaka. Kwaya ya kanisa lenu imeuimba, na kwaya ya mtaa wa pili imeuimba pia. Wimbo ni ule ule, lakini mwalimu wa kwaya ni mwingine, mwendo ni mwingine. Halafu mtu wa tatu ameurekodi kwa simu akiwa amekaa nyuma kabisa, jirani na jenereta. Ukisema "wimbo mbaya", unamsema nani? Mtunzi? Mwalimu? Au jenereta?

Njia bora ya kujifunza kutenganisha ni kuweka rekodi mbili za kipande kimoja. Gould huyo huyo aliirekodi kazi ile, Tofauti za Goldberg, studioni mara mbili. Mwaka 1955 akiwa na miaka 22, yote ikachukua takriban dakika 38. Mwaka 1981 akairudia, ikachukua kama 51. Noti ni zile zile za Bach na vidole ni vya mtu mmoja. Aria peke yake, ya kwanza inaisha kabla ya dakika mbili, ya pili inapita dakika tatu. Tulipoziweka pamoja sebule iligawanyika. Vijana walitaka ya 1955, inakimbia kama bodaboda iliyoona abiria. Mzee mmoja mstaafu akasema ya 1981 ni ya mtu anayejua hana pa kukimbilia. Wakati huo hakujua kwamba Gould alifariki mwaka uliofuata. Tulipomwambia alinyamaza kidogo, akaomba irudiwe.

Tahadhari: ukilinganisha, sawazisha ukubwa wa sauti kwanza. Rekodi yenye sauti kubwa zaidi huonekana bora hata kama si bora. Sikio linadanganyika kirahisi sana hapo.

7. Siku ya kikao

Salamu kwanza, na wakubwa wapewe shikamoo yao. Mleta rekodi aseme ni rekodi ipi (hatua ya 2) kwa sentensi mbili, kisha anyamaze. Asisimulie maisha ya mtunzi. Mkishaambiwa kwamba Beethoven alikuwa kiziwi, wote mtaanza kusikia uziwi hata pasipo na uziwi. Historia ije baadaye.

Sikilizeni kimya. Kisha kila mtu apewe dakika tatu, na sentensi ya kwanza iwe ya namna hii: "Dakika ya kadhaa nilisikia kadhaa." Baada ya hapo akipenda aseme ameupenda, akipenda aseme umemchosha.

Mdogo aanze. Hili lina sababu yake. Kwa malezi yetu mzee akishasema "huu ni muziki wa hali ya juu", nani tena atainua mdomo? Vijana wataitikia "kweli mzee", mtakunywa soda, mtaondoka. Sisi tuliwaendea wazee wetu kabla ya kikao, kwa adabu, tukawaomba wafunge badala ya kufungua. Wakakubali mara moja. Mmoja alisema afadhali, maana kuanza kulikuwa kunamtia presha.

Mkibishana, msibishane kwa maneno. Rudisheni nyuma, mpige mahali pale pale tena. Ubishi mwingi huishia hapo, na usiokwisha ndio mtamu.

8. Mwenye muziki akiwepo, muulize

Hapa nina aibu yangu. Niliwahi kuleta rekodi ya muheme, ngoma ya Wagogo, nikaeleza kwa kujiamini jinsi "wanaume wanavyozipiga zile ngoma kwa nguvu". Mama mmoja mzaliwa wa Mvumi, ambaye alikuwa kimya tangu afike, akaweka kikombe chini. "Mwanangu, wanaume gani?" Ngoma za muheme hupigwa na wanawake. Akainuka, akabana ndoo tupu katikati ya mapaja, akatuonyesha mikono inavyokwenda. Dakika mbili hizo zilizidi yote niliyoyaandaa wiki nzima.

Kwa hiyo, kama muziki ni wa Wagogo, Warangi au Wasandawe, kuna uwezekano mkubwa kwamba sebuleni, au nyumba ya jirani, kuna mtu aliyeucheza. Uliza kabla ya kueleza. Na maneno ya Cigogo usiyatafsiri kwa kubahatisha ati kwa sababu ni lugha ya Kibantu na unahisi unaelewa. Ukitaka kuusikia bila spika kabisa, Chamwino hufanyika tamasha la muziki wa Kigogo. Nenda, kisha rudi kwenye rekodi zako. Utashangaa ni mambo mangapi kipaza sauti hakikuyachukua: vumbi, vigelegele vya pembeni, watoto wanaoingia uwanjani na kutolewa.

9. Andika aya moja usiku huo huo

Isiwe makala, iwe aya tu. Rekodi ipi, nilisikia nini na wapi, mwenzangu alisikia nini ambacho mimi sikukisikia, na sasa naonaje. Hicho cha tatu usikiruke. Kama una rafiki wa Singida au Iringa asiyeweza kufika, mtumie aya hiyo pamoja na linki, naye asikilize kabla ya kuisoma. Usimrekodie muziki wenyewe kwa sauti ya WhatsApp kutoka kwenye spika yako. Kitakachomfikia ni kivuli tu, kisha atakuandikia kuhusu kivuli hicho.

MAMBO YAKIKWAMA

"Sisikii tofauti yoyote kati ya rekodi mbili." Punguza. Chukua sekunde 30 za mwanzo tu, piga moja, piga nyingine, mara tatu tatu. Jiulize swali moja: ipi inakwenda haraka? Ukishalijibu hilo, mengine yatakuja.

Wote wanasema "mzuri". Uliza: "Ungekata sehemu moja, ungekata ipi?" Swali hili halijawahi kuniangusha.

Mmoja anaongea peke yake. Mpe kazi ya kushika saa. Mara nyingi ni msomi kidogo wa muziki, naye anapenda kupewa madaraka.

Umeme umekatika. Simu yenye chaji na hedifoni ya waya, wawili wawili, kila mtu sikio moja. Angalizo: kwenye rekodi za stirio kila sikio linaweza kupata ala tofauti, kwa hiyo badilishaneni na msikilize tena. Siku iliyotutokea tulibishana robo saa kama selo (ndugu mkubwa wa violini, mwenye sauti nzito) imo au haimo. Ilikuwamo, upande wa kulia.

Mvua inapiga juu ya bati. Acheni. Hakuna spika ya sebuleni inayoishinda mvua ya Januari, na Dodoma hatuna mvua za kuchezea. Nendeni mkakinge maji.

Mtu amelala. Mwacheni alale, ila akiamka aulizwe aliposhtuka palikuwa na nini. Mzee wetu mmoja husinzia karibu kila kikao na kuamka mahali pale pale ambapo tarumbeta zinaingia. Sasa tunamwandikia dakika yake daftarini pamoja na za wengine.